Baraji bila kupoteza: tuanze kwenye mashimo yetu

Kule Misisi, kila mchimbaji anajua kujenga baraji. Tunapanga mifuko ya mchanga, miti na udongo, tunakinga maji ya kuoshea dhahabu. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi tunakuta maji yamebeba kila kitu. Tunaanza upya. Mifuko imekwenda, siku imekwenda, watoto nyumbani wanangoja unga. Na matope yote yanashukia wamama wanaochota maji kule chini.

Kuna namna ya kujenga inayopigana na kupoteza kama huko. Ilitoka kwa Wajapani wa Toyota, kwenye magari. Miaka ya 1990 ikaingia kwenye shantie. Usinunue simenti igande depo. Usimwite fundi aje kukaa. Usijenge leo ukuta wa kubomoa kesho. Simenti inatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni ya dunia, kwa hiyo kila mfuko ukiokolewa ni faida ya wote.

Mmarekani Glenn Ballard alihesabu kazi zilizopangwa kwa juma: karibu nusu tu ndizo zilikwisha kwa wakati. Dawa yake ni kwamba anayefanya kazi ndiye atoe ahadi. Kapita anasema: "Hii tutaweza, ile hapana, juu vyuma havijafika." Juma likiisha, wanahesabu pamoja na kutafuta sababu.

Tutazame mto Ruzizi, unaoingia kwenye Ziwa Tanganyika letu. Baraji ya kwanza iko pale toka miaka ya 1950, ya pili toka 1989. Plastiki za Bukavu zinaziba mashine, umeme unapungua. Huko nako ni kupoteza. Ruzizi ya tatu, megawati 206 kwa Kongo, Rwanda na Burundi, ijengwe kwa kufikiria taka hizo mapema.

Lakini tuangalie, ndugu. Patro akisikia "kupunguza", anaweza kupunguza watu, glavu na kofia. Hapo tunakataa. Mtu akiumia, hakuna kupoteza kukubwa kuliko huko. Tunadai mfanyakazi akae mezani wakati wa kupanga, na akiona ufa awe na haki ya kusimamisha kazi.

Nasi tuanze. Kabla ya mvua, PDG na wachimbaji wakae pamoja: nani analeta mifuko, maji yatapita wapi, shimo la kutulizia matope litachimbwa wapi. Kikao cha saa moja kinaweza kutuokolea juma zima.