Utangulizi: Nyuma ya Paji la Uso

Mtu akifiwa, wanaokuja kumpa pole humwambia: jikaze. Mwingine atamwambia mshukuru Mungu, marehemu amepumzika na maumivu. Tangu utotoni niliyasikia maneno haya mawili nikadhani ni kitu kimoja. Fani ninayokukaribisha hapa, sayansi ya ubongo na hisia, ndiyo iliyonionyesha kwamba ubongo huyapokea kwa namna mbili tofauti kabisa.

Eneo la ubongo tutakalolizungumzia liko nyuma ya paji la uso, nalo huitwa gamba prefrontali. Wengi hujifunza habari zake kupitia Phineas Gage, nyapara wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa akishindilia baruti mwambani kwa mtaimbo wa zaidi ya mita 1. Baruti ililipuka, mtaimbo ukamwingia shavuni, ukapenya eneo hilo na kutokea utosini. Alipona. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule aliyekuwa makini sasa alitukana ovyo na hakuvumilia kupingwa. Kisa hiki kimetiwa chumvi mno. Gage huyohuyo baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyofanywa na mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kujitawala. Naomba nusu hiyo ya hadithi isisahaulike.

Siku hizi hatusubiri ajali ili kulichunguza eneo hilo. Mwaka 2002 Kevin Ochsner, James Gross na wenzao waliwaweka wanawake 15 ndani ya mashine ya MRI wakawaonyesha picha za kutia simanzi na karaha. Safari nyingine waliambiwa waache hisia zije zenyewe. Nyingine waliambiwa waipe picha maana mpya, kama afanyavyo anayesema marehemu amepumzika. Mathalani, watu wanaolia nje ya kanisa huenda wametoka harusini. Walipofanya hivyo, sehemu za gamba prefrontali zilichangamka, na amigdala, kiungo kidogo chenye umbo la lozi kinachotushtua mbele ya hatari, ikapunguza kazi yake.

Na kujikaza je? Gross alikwisha kulichunguza hilo miaka ya 1990. Watu walioficha hisia zao wakitazama filamu ya kuchukiza walikuwa na nyuso tulivu, lakini karaha ilibaki palepale, na mwili ukazidi kuhangaika ndani kwa ndani. Matokeo hayo yalinigusa sana, kwa sababu nimewaona wafiwa wengi wakisifiwa kwa kutolia.

Liko fumbo ambalo ndilo lililonifanya nibaki katika fani hii. Zile sehemu za pembeni za gamba prefrontali, zinazochangamka sana tunapobadili maana ya jambo, zina njia chache mno za moja kwa moja kwenda kwenye amigdala. Amri hupitia wapi basi? Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 48 ulikuta kwamba sehemu za ubavuni mwa ubongo, zinazohusika na maana za vitu, nazo hufanya kazi wakati huo. Huenda basi amigdala hainyamazishwi kwa amri. Hupokea habari iliyokwisha kubadilika, ikakosa cha kuogopa. Sura ya kwanza inaanza na swali hilo, na picha ya wale watu wanaolia nje ya kanisa.