Kaimosi: Misheni ya Kinu cha Mbao Iliyokuja Kuwa na Chuo Kikuu

Ukipita barabara ya Chavakali kuelekea Kapsabet utaona mengi mahali pamoja pale Kaimosi: kanisa, hospitali, shule, chuo cha walimu na Chuo Kikuu cha Kaimosi Friends. Wakazi wengi huuliza kama chuo hicho ni cha kanisa. La, ni chuo kikuu cha umma kilichopewa hati yake mwaka 2022, na mwanafunzi wa dini yoyote hupokelewa. Jina la Friends ni la waliotangulia.

Hao ni Waquaker, au Marafiki, kutoka Marekani. Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walifika Kaimosi mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Kisumu. Misheni yao waliiita ya viwanda, na haikuwa jina tu. Maji ya mto Goli yaliendesha kinu cha kupasua mbao, na vijana wa hapa wakafundishwa useremala, uashi na kufyatua matofali.

Ndiyo maana haitoshi kuyaita majengo ya zamani ya Kaimosi "nyumba za Wazungu". Umbo ni la ng'ambo, kweli. Lakini mbao ni za msitu wetu, na mikono iliyozipiga randa ni ya babu zetu.

Sasa chuo kinachokua huhitaji madarasa na mabweni, na nyumba kuukuu ndiyo hutazamwa kwanza. Uzee peke yake haulindi jengo. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, waziri wa serikali ya kitaifa, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, hulitangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kibali cha ujenzi, hata hivyo, hutolewa na kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali autangazie umma mradi wake, na mkazi ana haki ya kuandika pingamizi kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi. Taja jengo lenyewe na historia yake. Picha ya zamani, au jina la fundi aliyelijenga, itaipa barua yako uzito.