Bomba likiziba nyumbani, mbu wa matende hunufaika

JE, umeosha vyombo ukaona maji yamekataa kushuka, yanazunguka tu sinkini na kutoa harufu? Wengi wetu hungoja mwisho wa mwezi ndipo tumwite fundi. Wakati huo maji hufurika na kutuama nyuma ya nyumba. Ikiwa unaishi Ukunda, Diani au Msambweni, kidimbwi hicho ni hatari kwa afya yako na ya jirani yako.

Mbu aitwaye Culex, yule anayekuvumia sikioni usiku, hupenda kutaga katika maji machafu: mashimo ya vyoo, matangi ya maji taka na mitaro iliyoziba. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Kwa joto la pwani, baada ya siku kumi hivi mbu wapya wanaruka.

Mbu huyu ni miongoni mwa wanaoeneza minyoo ya matende, ugonjwa unaovimbisha miguu na kuleta mabusha kwa wanaume. Mtu haugui kwa kuumwa mara moja. Huumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka. Ndiyo maana kidimbwi kisichokauka ni kibaya kuliko cha mvua ya siku moja.

Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa umma mwaka wa 2002 huko Kilifi, na mwaka wa 2003 zikafika Kwale. Lakini dawa haiui mbu. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walipewa dawa, na pia vishanga vyepesi vya plastiki vikamwagwa katika mashimo ya vyoo vikafunika uso wa maji. Mbu akakosa pa kutagia, na maambukizi yakapungua sana.

Basi anza na sinki lako. Jikoni, kinachoziba aghalabu ni machicha ya nazi, majani ya chai, wali na mafuta yaliyoganda. Bafuni ni nywele, vipande vya sabuni na mchanga unaoletwa na miguu ya watoto kutoka ufuoni.

Vaa glavu, hasa kama una kidonda mkononi. Acha maji kidogo ya kufunika mpira wa kuzibulia, ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa kilicholowa, kisha sukuma na kuvuta mara 15 au 20. Kama ni mafuta, mwaga maji ya moto yenye sabuni, lakini yasiwe yanayochemka, kwani hulegeza mabomba ya plastiki.

Ikishindikana, weka ndoo chini ya sinki na ufungue ile kona ya bomba. Ondoa uchafu kwa waya, osha, na urudishe mipira yake kama ilivyokuwa. Usiitupe kona hiyo. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande kutoka shimoni.

Jihadhari na kostiki soda. Ikikurukia machoni inaweza kukupofusha. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Vivyo hivyo, dawa ya klorini ikikutana na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi inayoweza kuua.

Kama sinki, bafu na choo vyote vimeziba kwa pamoja, tatizo liko nje. Huenda tangi limejaa. Ita gari la kunyonya maji taka. Usiingie shimoni, wala usimtume kijana yeyote aingie. Gesi ya humo humwangusha mtu kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya ukanda huu wa ufuoni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Maji taka yanayovuja hupita upesi hadi kisimani, na humo ndimo hutoka kipindupindu na homa ya matumbo. Maji ya kisima yachemshe kabla ya kunywa.

Ukishazibua, kinga ni rahisi. Weka chujio kwenye tundu la sinki, tupa machicha jaani au uwape kuku, na funika shimo la nje kwa mfuniko usio na ufa. Weka wavu kwenye bomba la kutolea hewa. Usisahau mapipa ya maji safi: mbu wa denge na chikungunya hutaga humo, kwa hiyo yafunike.

Leo jioni, kabla ya kufunga mlango wa nyuma, zunguka nyumba yako ukiwa na tochi. Ukiona maji yametuama, usingoje mwisho wa mwezi.