Kipimo cha Mwinuko Hurekebishwa

Hewa ina uzito. Hatuusikii kwa sababu tumezaliwa ndani yake, kama samaki majini. Ukiwa pwani, hewa yote iliyo juu inakulalia. Ukipanda mlima, nyingine unaiacha chini yako. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga.

Chombo cha kupimia mgandamizo huitwa barometa. Huhesabu kwa milibari. Ukiwa pwani, milibari 1 ikipungua ni sawa na kupanda karibu mita 9. Ndiyo maana barometa hutumika kupimia mwinuko. Imo ndani ya ndege, katika saa za wapanda milima, na hata katika baadhi ya simu za mkononi.

Lakini angalia, ndugu msomaji. Chombo hiki hakioni mlima. Kinasikia hewa tu.

Na hapa kwetu mgandamizo hubadilika kila siku, kama maji yanavyokupwa na kujaa. Karibu saa nne asubuhi huwa juu. Karibu saa kumi jioni huwa chini. Usiku hupanda tena mpaka saa nne, kisha hushuka hadi alfajiri. Pwani tofauti ya asubuhi na jioni yaweza kufika milibari 3. Weka chombo mezani Tanga asubuhi, usikiguse. Jioni kitasema meza imepanda mita 25!

Mwaka 1648, huko Ufaransa, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme na barometa ya zebaki. Nyingine aliiacha chini, na mtu akaitazama siku nzima. Alijua kwamba bila ile ya chini, asingeweza kuiamini ya juu.

Asiye na vyombo viwili hurekebisha kimoja mahali penye mwinuko unaojulikana. Tuseme kiongozi wa wageni anapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Jioni anafika Horombo, mita 3,720. Aache chombo kivulini kipoe, maana jua na joto la mwili hukipotosha. Kisha akiweke kwenye 3,720. Asubuhi akitazame tena. Kikisema 3,708, Horombo haikushuka. Mgandamizo ndio uliopanda. Arudishe 3,720 ndipo aondoke.

Joto la hewa nalo lina neno. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya lile ambalo chombo kimetengenezewa, kila mita 100 za kupanda husomeka 96. Kutoka Horombo hadi Kibo, mita 4,720, chombo hicho kitaonyesha umepanda mita 960, kumbe ni 1,000. Akifika Kibo akirekebishe tena.

Kwa mpanda mlima, kosa la mita 40 ni usumbufu. Kwa rubani aliye ndani ya mawingu ni jambo jingine. Akiweka milibari 10 zaidi ya zilizopo, karibu na usawa wa bahari kipimo kitamwambia yuko juu kwa karibu mita 90 kuliko alipo kweli. Kwa hiyo, kabla ya kutua, wa uwanjani humtajia mgandamizo wa hapo kwa redio. Rubani huirudia namba hiyo kwa sauti, ili yule wa chini asikie kama ameipata sawasawa.