Neno "Saa" katika Mafunzo ya Wauguzi kwa Maigizo

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na makao yake Bariadi, wauguzi wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, hupokea maagizo kwa Kiswahili, na huandika kwa Kiingereza. Mwalimu asimamiaye maigizo ya tiba kutoka mbali hutegemea mno sauti. Asemapo, "Dawa itolewe saa sita," mmoja ataandika 12:00, mwingine 06:00. Kwa dawa itolewayo mara nne kwa siku, tofauti hiyo ni dozi nzima. Kosa hili halitokani na uzembe wa mtu, bali na mpango wa kazi usioizingatia lugha. Basi yafaa mpokeaji alirudie agizo akitaja wakati: "saa sita mchana", kisha ndipo aandike 12:00.