Kabla ya kulipia nafasi ya tovuti, uliza itakaa wapi

USIKU wa kuamkia Machi 10, mwaka 2021, moto ulizuka katika kituo cha kuhifadhia data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Kulipopambazuka, jengo moja la ghorofa tano lilikuwa limeteketea kabisa na jingine limeungua kwa sehemu. Hakuna mtu aliyejeruhiwa, lakini Netcraft, kampuni inayofuatilia hali ya mtandao, ilikadiria kuwa tovuti milioni 3.6 zilitoweka hewani.

Baadhi ya wamiliki walirejea kazini baada ya saa chache, kwa kuwa walikuwa na nakala za kazi zao katika mji mwingine. Wengine walipoteza kila kitu. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakilipia huduma ya nakala za akiba, wasijue kuwa nakala hizo zilitunzwa katika kituo hicho hicho kilichoungua. Mwaka 2023, mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo kumlipa fidia mteja mmoja wa namna hiyo.

Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo wengi hulisahau. Tovuti huonekana kana kwamba inaelea hewani, lakini kwa hakika hukaa mahali. Kurasa zake, picha zake na kumbukumbu za wateja wake huhifadhiwa ndani ya kompyuta maalumu iitwayo seva, ambayo huwashwa usiku na mchana katika chumba chenye umeme wa uhakika, viyoyozi na njia ya intaneti. Kazi ya kutunza seva hizo na kupangisha nafasi ndani yake ndiyo huduma ya kuhifadhi tovuti, na kasi na uhakika wa tovuti hutegemea kwa kiasi kikubwa ubora wa huduma hiyo.

Nafasi ya bei ya chini kabisa ni ile ya kuchangia. Hii inafanana na nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi na bomba moja la maji uani. Mpangaji mmoja akifua nguo za wiki nzima, wengine hupanga foleni na ndoo zao. Vivyo hivyo, seva moja yaweza kubeba mamia ya tovuti, na moja kati ya hizo ikipata wageni wengi kwa ghafla, jirani zake hupungukiwa na nguvu ya kompyuta na hufunguka polepole pasipo kosa lao.

Ngazi ya pili ni seva iliyogawanywa kwa programu, ambapo kila mteja hutengewa kiasi chake cha kumbukumbu na nguvu ya kompyuta. Ngazi ya juu ni kukodi seva nzima. Tovuti ndogo yenye kurasa chache za maelezo haihitaji gharama hiyo, lakini duka linalopokea malipo, au taasisi inayotangaza matokeo ya mitihani yanayosubiriwa na maelfu ya wazazi kwa saa moja, haiwezi kutegemea bomba la uani.

Jambo la pili ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Iwapo seva iko umbali wa kilometa 10,000 kwa njia ya mkongo, safari ya kwenda na kurudi huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo ni mfupi, lakini kufungua ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa: kutafuta anwani ya seva, kuanzisha mawasiliano, kuyafunga kwa usalama, kisha kuomba ukurasa wenyewe na picha zake. Mtumiaji mwenye simu na mtandao dhaifu huuona ucheleweshaji huo.

Kabla ya mkongo wa Seacom kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilometa 36,000 juu ya dunia, na safari moja ya kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya nusu sekunde. Mikongo imeleta nafuu kubwa, lakini nayo hukatika. Mei 12, mwaka 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, tovuti ya Dar es Salaam iliyohifadhiwa Ulaya huwa ngumu kufikiwa hata na msomaji aliye Kariakoo, ilhali iliyohifadhiwa nchini yaweza kuendelea kufunguka, mradi mitandao ya ndani imeunganishwa moja kwa moja.

Hata hivyo, si kila tovuti inapaswa kukaa nyumbani. Hoteli ya Zanzibar ambayo wateja wake wako Ujerumani na Italia yaweza kufaidika zaidi na seva iliyo Ulaya. Kanuni ni kuiweka tovuti karibu na wasomaji wake. Wenye wasomaji kila pembe ya dunia hutumia mitandao ya usambazaji, ambayo huweka nakala za kurasa na picha katika miji mingi ili kila msomaji ahudumiwe na seva iliyo jirani.

Matangazo ya biashara hii hupenda kutaja asilimia, na hapo hesabu ndogo husaidia. Mwaka una saa 8,760. Mtoa huduma anayeahidi kuwa hewani kwa asilimia 99 amejiachia nafasi ya kuzimika saa 87 na zaidi, yaani siku tatu na nusu. Anayeahidi asilimia 99.9 amebakiwa na takriban saa tisa, na wa asilimia 99.99 dakika 53 tu. Ahadi yoyote isiyoeleza mteja atalipwa nini inapovunjwa ni maneno matupu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mteja anapaswa kuuliza maswali machache. Seva iko mji gani? Umeme ukikatika, jenereta inawaka? Nakala za akiba huchukuliwa mara ngapi, na hutunzwa katika jengo gani? Nani hupokea simu usiku wa manane? Jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la mteja mwenyewe au la fundi aliyeitengeneza? Swali hilo la mwisho hudharauliwa, lakini fundi akihama au akisahau kulipia, mwenye mali huweza kukuta jina lake limefungwa.

Wataalamu hushauri kuwa na nakala tatu za kila kazi, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyingine. Nakala hizo zijaribiwe kwa kurejeshwa mara kwa mara, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa haina uhakika wowote.

Mwenye tovuti naye ana wajibu wake. Picha nzito zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera na programu zisizosasishwa huichosha hata seva bora. Lakini hakuna jitihada za mwenye tovuti zitakazofaa ikiwa msingi ni mbovu. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, na baadhi ya waliokuwa na tovuti zao Strasbourg waliijua bei yake asubuhi moja.