Sauti Chini ya Miti

Kila nizungumzapo habari za maigizo ya wasichana katika skuli na vyuo vya bweni vya zamani, hakosi mtu wa kunieleza, kwa sauti ya mwenye ilimu, kwamba walitolewa nje chini ya miti ili kuhuisha ibada za makafiri wa kale wa Ulaya, na kwamba ile nguzo ya utepe wanayoizunguka wakicheza siku ya Mei Mosi ina siri zake. Upuuzi mtupu. Bryn Mawr, chuo cha wanawake huko Pennsylvania, hakikurithi ibada yoyote: sherehe yake kubwa ya Mei Mosi, sikukuu ya majira ya kuchipua, ilibuniwa mwaka 1900, kwa kuwa wanafunzi walitaka jengo lao na fedha hawakuwa nazo, na uwanja wa majani hauna kuta za kuzuia idadi ya wanaolipa kiingilio. Wala kuigiza kwenyewe hakukuwa kugeni kwa wasichana: wale wa skuli ya Saint-Cyr, Ufaransa, waliigiza tamthilia ya *Esther* ya mtunzi Racine ndani ya jengo lao mwaka 1689, mfalme akitazama.

Nilikusudia kueleza kwanza mavazi, kisha muziki, na sauti niiache mwisho. Lakini sauti ndiyo iliyowatesa zaidi. Nje hakuna dari wala ukuta wa kurudisha neno, na kila umbali ukizidi maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Tena alasiri ya jua kali ardhi huichemsha hewa ya chini, mawimbi yakapinda kwenda juu, na aliye nyuma akaona midomo ikicheza asisikie kitu. Ndiyo maana Vassar, chuo kingine cha wanawake wakati huo, walipojenga jukwaa lao la nje mwaka 1915 walichagua mteremko, viti vikapanda juu kuifuata sauti. Wanaohadithia miujiza ya sauti katika majukwaa ya nje ya Wagiriki wa kale wautazame mteremko huo kwanza.

Mwaka 1928, katika Mei Mosi ya Bryn Mawr, aliyeigiza Pandora katika mchezo wa mtunzi John Lyly alikuwa msichana aitwaye Katharine Hepburn, ambaye baadaye alitwaa tuzo nne za Oscar. Watu husema kipaji. Mimi nasema pia kwamba mwenye kujifunza kutamka kila herufi mbele ya upepo hatatishwa na ukumbi wenye dari.

Mwenye shaka na amsimamishe mwenzake uwanjani saa nane mchana, amwambie aseme kwa sauti ya kawaida, kisha yeye mwenyewe arudi nyuma akihesabu hatua mpaka neno limpotee.